Hapana ya Kwanza

— Usukume basi, Fintan. Mbona umesimama?

— Umegonga ukuta. Mimi silazimishi kinachokataa.

Mbele yao, maji mekundu yalizunguka taratibu ndani ya moyo wa plastiki wa majaribio, unaoonyesha ndani kama kioo. Kwenye kimshipa chembamba kama uzi, waya wa Fintan ulilala, ncha imejikunja kama paka aliyeshiba. Nje mvua ya mji wao wa Galway ilinyesha kama imeajiriwa.

Kazi yao ni hiyo. Fintan anabuni waya unaotangulia kwenye mishipa midogo ya moyo, Dervla anabuni mrija unaopita juu ya waya na kuufuata. Mmoja mbele, mwingine nyuma, miaka nenda rudi. Watu wa kiwandani walishawaoza zamani kwa midomo, ilibaki wenyewe tu kukubaliana.

— Nimekubali ile kazi ya Amerika, Fintan akasema, macho kwenye waya. Jumatatu naruka.

Dervla alihisi sakafu imekuwa ukungu.

— Hongera, akasema.

Eti hongera. Ulimi nao una siku zake za kumchongea mwenyewe.

Maana majuzi tu, wakitembea kando ya mto Corrib, Fintan alitoa pete. Moyo wa Dervla ulisema ndiyo, mdomo ukasema, "Ah, hapana, usijisumbue." Ndivyo alivyolelewa. Kwao ukikaribishwa chai unakataa, unabembelezwa, unakataa tena, kisha unamaliza birika na keki juu. Basi akasubiri abembelezwe. Fintan akarudisha pete mfukoni, akaanza kuzungumzia mabata.

Mchana Dervla alijifungia chooni, akamwandikia mama yake.

"Mama, Fintan anahama."

"Si alikuposa? Ulimjibu nini?"

"Nilikataa kidogo."

Simu ikaita papo hapo.

— Kidogo ndiyo kiasi gani, mwanangu?

— Mara moja tu, mama. Hakurudia.

— Mimi baba yako nilimkataa mpaka akaja amevaa suruali nzuri ya kuazima. Lakini baba yako alikuwa dalali wa ng'ombe, neno hapana hakulijua. Huyu wako anatengeneza nini vile?

— Ncha laini za waya. Zikikuta ukuta zinajikunja. Zikilazimisha, mshipa unatoboka, mgonjwa anakufa.

— Sasa unamlaumu kwa lipi?

Dervla alirudi mezani. Maji mekundu bado yalikuwa yakizunguka, polepole, kama ndoto isiyotaka kuisha.

— Fintan, kwa nini hukuniuliza tena?

— Ulisema hapana.

— Wewe mtu wa hapa hapa. Hujui hapana ya chai?

— Chai ni chai, Dervla. Mwanamke akinikatalia ndoa, namsikia. Ningeng'ang'ania, ungenionaje?

Dervla alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia.

— Ningekuona dalali wa ng'ombe, akasema. Huna kosa. Basi niulize sasa.

— Siwezi. Naogopa.

— Haya, nauliza mimi. Fintan, utanioa?

— Ndiyo.

Ilitoka haraka hata Dervla akaona aibu kwa niaba yake.

— Hata kuringa kidogo? Watu watasema umelelewa na nani?

— Waseme. Pete iko kwenye koti, niliogopa kuiacha nyumbani.

Alimvisha pale pale, akikosea kidole kwanza, yeye ambaye mkono wake hupitisha waya penye giza bila kukosea.

— Na Amerika?

Fintan alichukua simu, akapiga. Alisema samahani, mambo yamebadilika, hatakuja. Akasikiliza kidogo. Akakata, uso umemshuka.

— Wamesemaje?

— Wamesema sawa. Kisha wakanitakia siku njema.

— Basi tu?

— Basi tu. Hawakunibembeleza hata kidogo.

— Sogea hapa, Dervla akasema. Nitakubembeleza mimi.