Mwenye Goti Bovu Hachaguliwi Kwanza

Foleni ya samaki ilianzia kwenye masufuria ya mafuta katika ukumbi wa chini ya kanisa, ikapanda ngazi, ikatokea nje kwenye theluji chafu ya Machi. Ndivyo Ijumaa za Kwaresima zilivyo Cleveland. Mkatoliki na asiye Mkatoliki, wote husimama pamoja wakingoja samaki wa ziwani na viazi. Albina Hrovat alikuwa amevaa koti la sufu la kijani, na shingoni skafu ya marehemu baba yake, ya rangi ya chungwa na kahawia, rangi za timu ya mji.

"Dada, skafu hiyo ni ya imani au ya baridi?" iliuliza sauti nzito nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa mwanamume Mweusi mwenye mabega kama mlango, kofia ya kahawia, na viatu vilivyopigwa rangi vikang'aa kana kwamba theluji haikuvihusu.

"Ya vyote viwili," alijibu Albina. "Kwa timu hii, usipokuwa na imani utakufa kwa baridi."

"Amina. Basi niambie, mwezi ujao tunamchagua nani?"

Hapakuwa na haja ya kuuliza anasema nini. Timu yao ya mpira wa Kimarekani ilikuwa imeshindwa miaka mingi, hata watu wakaacha kungoja mechi, wakabaki kungoja uteuzi: zile siku za Aprili ambapo timu hupeana zamu, raundi kwa raundi, kuchukua vijana kutoka vyuoni, na aliyeshindwa sana huchagua mapema. Baba yake Albina aliiita Pasaka ya walioshindwa.

"Mrusha mpira," alisema Albina. "Tunateseka kwa kukosa mtu wa kurusha."

"Mungu akusamehe, na ni Kwaresima hii. Huyo mrushaji utamweka wapi, nyuma ya ukuta wa karatasi? Timu ni nyumba, bibie. Unaanza na walinzi wa mbele, wale mabonge wasioimbwa na mtu. Hasa yule wa kushoto, anayemlinda mrushaji upande asiouona. Ukishampata huyo, hata mimi nitarusha."

"Utarusha nini, na tumbo hilo?"

"Hili si tumbo. Ni safu ya mbele."

Albina alicheka mpaka mama aliyekuwa mbele yake akageuka. Yeye na yule mwanamume walikula meza moja. Jina lake lilikuwa Lavelle Pruitt, Mbaptisti, fundi wa lifti. "Ungelijua goti langu," alisema akijisugua mguu, "ungeelewa kwa nini nampenda Mungu na lifti." Kisha akaombea chakula kwa muda mrefu hata viazi vikapoa, na Albina, aliyekuwa amesahau kuomba tangu majani yapukutike, akajikuta ameitikia amina kwa sauti.

Tangu siku hiyo simu ililia kila jioni.

"Kocha wangu, umeamkaje?"

"Ni jioni, Lavelle."

"Kwangu kunakucha nikikusikia."

"Maneno hayo uliyaokota kwenye lifti ya hoteli gani?"

Mjini walimjua Lavelle kwa sauti. Kila alasiri alipiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio, akabishana na mtangazaji juu ya walinzi wa mbele kana kwamba anatetea ndugu zake mahakamani. Jumapili walitembea ufukweni mwa ziwa, yeye katika koti lake refu la kanisani, Albina katika buti nyekundu. Shangazi Milka, aliyemlea Albina baada ya mama yake kufa, alimkatia Lavelle kipande cha mkate mtamu wa njugu, akamtazama akila, akasema, "Huyu anakula kwa adabu."

Jambo moja tu Lavelle hakuligusa. Albina alikuwa amerithi kwa baba yake viti viwili uwanjani, vilivyoshikwa na ukoo wao tangu siku za babu. Kimoja alikikalia mwenyewe. Kile cha baba alikiuza kwa wapita njia, mechi kwa mechi, kwa kuwa hakuweza kumzoea mtu yeyote pale. Lavelle alijua. Angetoa jino kukikalia, lakini hakukiomba.

Wiki moja kabla ya uteuzi, ndani ya gari lililoegeshwa mbele ya nyumba, Albina alimwambia.

"Niliwahi kuugua saratani. Nimekatwa titi la kushoto. Nilipona, ila kila mwaka wananipiga picha. Majibu ya safari hii nitapewa Alhamisi."

Lavelle alimshika mkono, akautazama kana kwamba haujui. "Tutaomba," alisema mwishowe.

Basi, hilo tu. Mtu mwenye maneno ya kutosha mji mzima akampa neno moja. Albina alipanda ngazi za nyumba akihisi kana kwamba ameacha kitu garini.

Kesho yake, kwenye karakana ya miwani alikofanya kazi, alikuwa akinoa kioo kwenye mashine, redio ikiwa juu ya rafu. Sauti aliyoijua ikatoka. Walikuwa wanazungumzia kijana mmoja, mlinzi wa kushoto mwenye kipaji kikubwa, aliyewahi kuvunjika goti.

"Namwonea huruma," Lavelle alisema redioni, "lakini raundi ya kwanza simchukui. Mtu aliyeumia vile, hata madaktari waseme amepona, utaishi naye kwa wasiwasi. Kila akianguka roho inakuruka. Mchukue mzima."

Kioo kilimponyoka Albina kikapasuka sakafuni. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu hakuwa ameona unyasi tu. Alisikia sauti ya mtu aliyempenda ikimhukumu mbele ya mji mzima. Aliokota vipande kimoja kimoja. Jioni hakupokea simu. Wala kesho. Usiku alishika rozari ya mama yake, lakini kila fumbo la sala hiyo lilimrudisha kwenye maneno yale mawili.

Siku ya tatu alipokea.

"Laazizi, nimekosa nini?" aliuliza Lavelle. "Nimekuja kazini kwako wakasema umetoka. Niambie hata tusi."

"Mchukue mzima, Lavelle."

Akakata.

Alhamisi asubuhi Shangazi Milka alimpeleka hospitali. Jioni, kama kila mwaka tangu enzi za baba, majirani walijaa sebuleni kwa shangazi kutazama uteuzi, wakiwa na soseji, kabichi chachu, bia na ubishi. Albina alijificha jikoni akikata vitunguu visivyohitajika na mtu. Ndipo aliposikia hatua ukumbini, moja nzito, moja nyepesi.

Lavelle alisimama mlangoni katika suti yake ya Jumapili, mikononi bakuli la makaroni na jibini lililofunikwa kitambaa.

"Nani amekualika?"

"Mimi," sauti ya shangazi ilitoka sebuleni. "Nyumba yangu, soseji zangu."

Lavelle aliweka bakuli mezani, akaketi bila kukaribishwa, akaunyosha mguu wa kulia mbele yake.

"Siku ile sikukusikia uliposema mchukue mzima. Nilisikia usiku, nikiwa nimepiga magoti kuomba. Goti likaniuma, nikasema, ee Bwana, mwanamke yule amesikia redio."

"Ulijua nilichokuambia jana yake. Ukasema mbele ya watu."

"Nilisema juu yangu."

Kisu kilisimama.

"Nilikuwa mlinzi wa kushoto chuoni, Albina. Walikuwa wanaandika kwamba nitachaguliwa mapema. Goti likavunjika, likapona, madaktari wakasema mzima. Uteuzi ulipoanza mama alijaza nyumba kama ilivyojaa hii. Tulikaa mbele ya televisheni siku zote za uteuzi. Jina langu halikutajwa. Mama alikuwa anapitisha keki watu wasinitazame. Tangu hapo nimewapa haki wale walioninyima. Ni rahisi kuliko kuwachukia. Namwambia kila kijana mwenye goti bovu, kaka, hata mimi nisingekuchukua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema ungelijua goti langu. Hukuuliza. Na mimi nilishukuru hukuuliza."

Albina alifuta macho kwa mkono wenye kitunguu, akazidi kulia.

"Na kwenye gari? Tutaomba, basi?"

"Niliogopa. Mama alikufa kwa ugonjwa huo huo. Ningefungua mdomo zaidi ningelia, na wewe ungelazimika kunibembeleza mimi. Nikakosa. Nisamehe."

Sebuleni mtu alipaza sauti watu wanyamaze, zamu ya timu yao imekaribia. Lavelle hakugeuza kichwa.

"Majibu yamesemaje?" aliuliza polepole.

"Wameona kitu kidogo. Huenda ni kovu tu. Wanataka picha nyingine mwezi wa saba." Alimtazama usoni. "Sina ahadi ya kukupa, Lavelle. Ulisema kweli redioni. Utaishi kwa wasiwasi."

"Naishi nao tayari. Wiki nzima hii nimeishi nao peke yangu, na ni mbaya zaidi." Alinyoosha kiganja juu ya meza. "Nipe mkono tuombe. Safari hii nitasema maneno mengi."

Aliomba. Aliomba kwa ajili ya kovu, kwa ajili ya picha ya mwezi wa saba, kwa ajili ya macho ya daktari na mikono ya anayeshika mashine. Katikati ya sala nyumba ililipuka kwa kelele. Viti viliburutwa, mtu akapiga ukuta, na Shangazi Milka akachungulia jikoni.

"Lavelle, wamemchukua..."

Lavelle aliinua mkono bila kufungua macho. "Bado, shangazi. Naomba."

Shangazi alirudi kinyumenyume, akauvuta mlango.

Mtu aliyekuwa akingoja tangu mwaka jana kusikia timu imemchagua nani aliendelea kuomba mpaka akafika amina. Albina hakuondoa mkono wake.

"Mechi zinaanza Septemba," alisema. "Mwaka huu kiti cha baba hakiuzwi."

"Nikikikalia, wale majirani wa kiti wataniuliza mimi ni nani kwa mzee."

"Utawaambia ni mkwe wake."

Lavelle aliinama mpaka paji lake likagusa vidole vyao. Alipojaribu kuinuka goti lilikataa, akashika ukingo wa meza.

"Upande upi?" aliuliza Albina.

"Kulia."

Alizunguka meza, akampa bega. Wakatoka hivyo kuelekea sebuleni, ambako nusu ya watu walikuwa wanashangilia na nusu wanalaani, na haikuwezekana kujua kwa kelele tu kama timu ilikuwa imepona au imeumia tena.