Tandiko Jeusi la Dada

Kila asubuhi kabla ya shule nilimsugua Madoa, farasi wangu wa mazoezi, na mama, mtunza farasi, akinihimiza nisichelewe. Jumamosi hiyo sikuhimizwa. Saa mbili lori lingekuja kumchukua Madoa aende asikojulikana, kwa sababu alikuwa ameniangusha mara mbili.

"Farasi anayeangusha watoto hakai hapa," mwalimu wa mazoezi alikuwa amesema.

Nami nilijua kwamba Madoa hana kosa hata chembe.

Wiki mbili kabla, fundi wa matandiko ya farasi alikuwa amenipangia matandiko matatu nijaribu. Nikang'ang'ania lile jeusi, alilotumia dada yangu kushinda mashindano. Fundi alieleza kwamba nyuma yangu inatakiwa kubaki nafasi ya kiganja kimoja tu. Ilibaki ya viganja viwili! Alipoinama kutafuta miwani yake, nikajisogeza nyuma kimyakimya. Akapima, akasema limenikaa vizuri. Nikatabasamu kama mtoto mwema.

Tangu hapo nilikuwa naogelea ndani ya tandiko lile. Madoa akikimbia, nilirudi nyuma, nikajishikilia kwa hatamu. Hatamu zilimvuta mdomo, naye akasimama ghafla. Mimi huyoo, chini.

Niliposikia lori likinguruma getini, nilimkimbilia mama.

"Mama, wasimchukue!"

"Najua unampenda, mwanangu. Lakini mimi nataka mtoto mzima."

Mlango wa lori ulifunguliwa. Madoa akanifuata kwa macho, hajui lolote. Roho iliniuma nikashindwa kuvumilia. Nikakimbia nikasimama mbele ya mwalimu, machozi yananitiririka.

"Mwalimu, ni mimi! Nilimdanganya fundi. Tandiko ni kubwa!"

"Kila mtoto husema hivyo farasi wake anapoondoka," akajibu, akashika kamba ya Madoa.

"Mwite fundi apime tena! Nakuomba, mwalimu!"

Mama alinitazama usoni, kisha akaenda mwenyewe kumwita. Fundi alikuja na miwani yake puani, akamtandika Madoa lile tandiko jeusi, nami nikapanda.

"Keti kama ulivyoketi siku ile," akaniambia. Nikajisogeza nyuma. Kiganja kimoja. "Sasa keti unavyoketi ukiendesha." Viganja viwili.

Fundi alivua miwani. "Kumbe ulinichezea, binti."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakunigombeza. Alileta tandiko dogo la kahawia, lililojaa mikwaruzo, ambalo siku ile nilikuwa nimelibeza. Nikaketi, magoti yakapata mahali pake. Nilizunguka uwanja mara tatu, hatamu zikiwa zimelegea mikononi, na Madoa hakusimama hata mara moja.

Mwalimu alimwambia dereva arudi. Lori likaondoka tupu. Mimi nikapewa adhabu ya kusafisha matandiko yote kwa mwezi mzima, na sikulalamika.

Jioni mama alinikuta nimemkumbatia Madoa shingoni.

"Fundi ana mdomo, angeweza kujitetea," alisema. "Huyu je? Uongo ulikuwa wako, lakini aliyekaribia kupakiwa kwenye lori ni yeye."

Nilichukua brashi, nikaanza kumsugua upya.