Miiba ya Zizi la Rahabu

Zamani, kila asubuhi Dorkas alifungua zizi, na mdogo wake Ignas alitangulia mbele ya mbuzi akipiga mluzi. Sasa Dorkas alichunga peke yake. Ignas alikuwa amemfuata mbuzi kwenye nyasi ndefu karibu na machimbo ya Sekenke, akatumbukia katika shimo la zamani la dhahabu, akafa. Wachimbaji walichukua walichokitaka wakaenda zao bila kufukia. Serikali ya Waingereza nayo ilijua kudai kodi, mashimo haikuyaona.

Matanga yalipokwisha, mama yao, Rahabu, alichukua panga. Alikata matawi ya miiba, akayaburuta na kulizungushia lile shimo. Kisha akaanza la pili. Miiba ya karibu ilipomwishia, alibomoa upande mmoja wa zizi lake mwenyewe.

"Mama, fisi watatumaliza!" Dorkas alisema kwa hasira. "Ignas amekwisha kufa. Mashimo mengine yanatuhusu nini?"

Mama aliendelea kuburuta matawi. Kulipokucha, fisi alikuwa amebeba mbuzi.

Jirani yao Urbano alipita, akatikisa kichwa. "Pole, Mama Dorkas. Lakini msiba umekuvuruga akili. Utazungushia nchi nzima?"

"Nikiweza, Baba Manase."

Siku chache baadaye, Dorkas akiwa machungani, alisikia yowe la mtoto upande wa mashimo. Alikimbilia huko. Alimkuta Manase, mtoto wa Urbano, amenasa kwenye miiba, damu ikimchuruzika. Alikuwa akimkimbiza mbuzi. Nyuma ya miiba ile shimo lilikuwa wazi, jeusi.

Rahabu na Urbano walifika wakihema. Dorkas alipochomoa mwiba, Manase alizidi kupiga kelele.

"Nyamaza, mwanangu," Urbano alisema akimkumbatia.

"Mwache alie," alisema Rahabu, machozi yakimtoka. "Anayelia yu hai. Wangu sikumsikia."

Urbano aliinamisha kichwa. Kesho yake alikuja na shoka na majirani. Walilitengeneza kwanza zizi la Rahabu, kisha wakaenda mashimoni. Dorkas alikuwa mbele yao, ameshika panga la mama yake.

Shimo la mwisho lilipozungushiwa, aliuliza, "Mama, sasa moyo umetulia?"

"Haujatulia, na sidhani kama utatulia. Ukifiwa, lia sana. Halafu inuka utazame kilichomuua mtu wako, ukizuie kisiwaue watoto wa wenzako. Haya, nenda kafungulie mbuzi."