Matuta Katika Shamba la Mwanamkuu

Jumatatu, tarehe 4 Machi 1940. Asubuhi hiyo ukungu mzito ulifunika Cheyo, pembeni mwa mji wa Tabora. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na majani yalikuwa bado yanadondosha maji.

Eustadia alimpa mumewe uji. Ambrosi akanywa funda moja, kisha macho yakafumba. Uji ukamtoka pembeni mwa mdomo.

"Baba Marcelina! Umelala tena?"

Hakujibu. Eustadia akatazama chini. Miguu ya mumewe ilikuwa na udongo mbichi hadi magotini. Jana jioni Eustadia mwenyewe aliiosha.

Tangu arudi kurina asali katika misitu ya Sikonge, Ambrosi alikuwa amebadilika. Kwanza alipata homa na kuumwa kichwa. Kisha akaanza kulala mchana kutwa. Usiku alikaa macho, akinong'ona peke yake. Mkewe alipopitiwa na usingizi, aliondoka polepole.

Masolwa, kaka mkubwa wa Ambrosi, aliingia bila kubisha hodi.

"Shemeji, njoo uone."

Walivuka njia ya zamani ya misafara. Ng'ambo yake palikuwa na shamba la Mwanamkuu, mjane mzee. Ndani ya ukungu yalionekana matuta mapya. Jana hayakuwapo. Mwishoni lililala jembe la Ambrosi, limejaa udongo.

"Umeona?" Masolwa alinong'ona. "Ndugu yangu amefanywa msukule. Sisi tumeachiwa mwili tu. Roho anayo yule bibi, na usiku anailimisha."

Eustadia alifanya ishara ya msalaba. "Basi tumpeleke hospitali."

"Hospitali! Msukule akichomwa sindano anakufa kabisa. Kwanza bibi amwachie. Asipomwachia leo, nyumba yake naitia moto!"

Mtu alikohoa nyuma yao. Mwanamkuu alitokea kwenye ukungu, kaniki begani. Pamoja naye alikuwa mpangaji wake Lugembe, dresa wa hospitali, ambaye kazi yake ni kufunga vidonda na kupiga sindano.

"Shikamoo, bibi," Eustadia alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Na wewe Masolwa, husalimii? Haya. Hebu tazama matuta hayo, yamepinda kama nyoka. Ningekuwa na mtu wa kunilimia usiku, si ningechagua anayejua kulima?"

Masolwa hakucheka. Lugembe akamgeukia Eustadia.

"Mama, huko porini mbung'o walimuuma?"

"Sana. Alisema walimuuma hata juu ya nguo."

"Basi nadhani haya ni malale. Mbung'o akiuma anaweza kutia kijidudu katika damu. Jicho halikioni bila darubini. Kikifika kwenye ubongo, kinageuza usiku kuwa mchana. Mgonjwa analala wenzake wakiwa kazini. Wakilala, yeye anaamka na kutembea. Mkulima anaweza hata kushika jembe, maana mikono imezoea."

Mwanamkuu aliitazama njia tupu.

"Baba yangu alikuwa mpagazi," alisema. "Alisimulia juu ya wenzake waliolala hivi, hapa hapa njiani. Waliitwa, wakapigwa, hawakuamka. Basi waliwekewa kibuyu cha maji karibu na kichwa, msafara ukaenda zake. Hapakuwa na mahali pa kuwapeleka."

"Sasa papo," Lugembe alisema. "Nilipoanza kazi, wodi yetu ilikuwa moja, ya nyasi. Leo tuna chumba cha darubini na dawa ya malale. Watampima damu na maji ya uti wa mgongo."

"Na akifa kwa sindano?" Masolwa aliuliza.

"Siwezi kukuapia kwamba atapona. Lakini akibaki hapa, usingizi huu utamuua. Kila siku tunayongoja inampunguza."

Eustadia alirudi nyumbani, akapiga magoti kando ya mumewe. "Ee Mungu, nipe moyo wa kuamua," alisali. Alipotoka, Mwanamkuu alikuwa amekwisha kuburuta kitanda chake cha kamba hadi mlangoni.

"Mchukueni kwa hiki."

Masolwa akarudi nyuma. "Kitanda cha bibi huyu? Sikigusi!"

Ambrosi alipokwisha kulazwa juu yake, Eustadia akashika mguu mmoja wa kitanda. Lugembe akashika mwingine. Masolwa alisimama, jasho likimtoka ingawa kulikuwa na baridi. Mwishowe akainama, akainua upande wa kichwani.

Hospitalini damu ya Ambrosi ilipimwa. Daktari alimruhusu Masolwa achungulie kwenye darubini. Aliona vitu vyembamba vikijipindapinda kama nyuzi zilizo hai.

"Hao ndio wanaomlimisha," Lugembe alisema.

Masolwa alifuta jicho, akachungulia tena.

Ambrosi alichomwa sindano kwa majuma mengi. Jumapili moja alirudi nyumbani kwa miguu yake, amekonda. Alimaliza bakuli zima la uji, akaomba jingine. Eustadia alilia na kumshukuru Mungu.

Watu waliotoka misa walifika kumwona. Masolwa akawaongoza wote hadi mlangoni kwa Mwanamkuu. Shambani, majani ya viazi yalikuwa yametambaa juu ya matuta yaliyopinda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe unajua kusalimia!"

Watu wakacheka. Masolwa alivua kofia, akapaza sauti.

"Ninyi nyote ni mashahidi. Mtu wa nyumbani kwangu akitoka porini na homa, nitampeleka hospitali siku ile ile. Na msimu ujao, bibi, shamba hili nitalilima mimi. Nitalima mchana, jua likiwaka, kila mtu anione."