Kabla ya Kusema Ni Kweli

Maranga na mkewe Bosibori wamekaa Migori miaka ishirini na miwili. Walitoka Kisii wakiwa na godoro moja na mtoto mmoja, Nyamusi, ambaye siku hizi ameolewa Awendo. Maranga hushona viatu karibu na stendi. Bosibori huuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Jioni wakirudi, mume ananuka gundi, mke ananuka samaki, na hakuna anayemlalamikia mwenzake.

Maranga pia ni mzee wa kanisa la Wasabato. Watu wakigombana huitwa yeye, na dawa yake ilikuwa moja tu. Hakuwa mtu wa kuuliza maswali mengi. Alimwambia mtu, "Ndugu, sema umekosa. Omba msamaha. Tuimbe, twende nyumbani." Na kweli watu walisema, wakaimba, wakaenda nyumbani. Wengine walisema wamekosa hata kama hawakukosa, ili mambo yaishe. Maranga aliona hiyo ndiyo amani. Kwa miaka mingi hakuna aliyemwambia vingine.

Basi Alhamisi moja asubuhi, polisi wawili walifika sokoni pamoja na Lynnet. Huyu Lynnet pia huuza omena, meza ya tatu kutoka kwa Bosibori. Gunia lake moja lilikuwa limepotea. Sasa akaonyesha gunia lililokuwa chini ya meza ya Bosibori.

"Lile ni langu," alisema. "Angalieni uzi."

Lazima nieleze habari ya uzi. Wanawake hawa huagiza omena kutoka kisiwa cha Mfangano. Magunia yao huja pamoja kwa boti mpaka Mbita, halafu kwa lori moja mpaka Migori. Ili yasichanganyike, kila mmoja ana rangi yake ya uzi wa kushona mdomo wa gunia. Lynnet ni kijani. Bosibori ni mweusi. Soko lote linajua. Na gunia lile lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kijani.

"Mimi niliagiza matatu, nikapokea matatu," Bosibori alisema. "Uzi niliuona. Nilidhani ule mweusi umeisha huko Mfangano."

Polisi mmoja akamwambia anakamatwa kwa wizi, na kwamba anaweza kunyamaza akitaka. Akanyamaza.

Maranga alipopata habari alikimbia mpaka kituo cha polisi, gundi bado mikononi. Hata hakusalimia vizuri.

"Afande, tusamehe," alisema. "Mama amekosa. Ni shetani tu."

Bosibori alimtazama mumewe. Maranga akafikiri ni woga.

Jioni ile Bosibori aliachiliwa kwa bondi ya polisi. Akaambiwa afike mahakamani Jumatatu asubuhi bila kukosa.

Ijumaa Maranga aliomba. Jumamosi aliomba tena, na waumini wakaomba naye. Jioni akakaa karibu na mkewe, akamwambia kwa sauti ya upole, maana alimpenda na alitaka kumtoa taabuni, "Mama Nyamusi, Jumatatu wewe sema tu ni kweli. Hakimu ataona una moyo mnyenyekevu. Atakuonya, turudi nyumbani."

"Sawa, Baba Nyamusi," Bosibori alijibu. Akaendelea kuchagua mchele. Ulikuwa mchele wa watu wawili, lakini ulipoiva yeye hakuula.

Jumapili asubuhi jirani yao Jerusha alikuja kurudisha sufuria. Jerusha ni Mkuria, wanakaa ploti moja. Yeye ni msaidizi wa kisheria. Si wakili, lakini amefunzwa sheria za kawaida, na kila Jumatatu hukaa nje ya mahakama akiwasaidia watu wasio na wakili. Alimkuta Maranga mlangoni na Biblia yake. Maranga akamweleza yote, mpaka ule mpango wa kusema ni kweli.

Jerusha aliweka sufuria chini.

"Kwani Mama Nyamusi alichukua hilo gunia?"

"Nini?"

"Nauliza, Mzee. Alichukua?"

Maranga aliishusha Biblia yake.

"Sijamuuliza," alisema.

Bosibori alikuwa jikoni. Jiko lao ni pazia tu, kila kitu husikika.

"Hujaniuliza, Baba Nyamusi," alisema kutoka huko ndani. "Polisi aliniuliza. Hata mwenye kuuza nyanya aliniuliza. Wewe ulinifikia ukiwa umeshaniombea msamaha."

Maranga aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Alisimama, akasogeza pazia. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kistuli, amempa mgongo.

"Ulichukua?" akauliza.

"Hapana."

Akaanza kulia. Siku zote zile hakuwa amelia. Maranga alichuchumaa akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakuwa na ushauri wowote wa kutoa.

Jerusha aliwasubiri. Baadaye walikaa wote watatu, chai ikamiminwa, na yeye akaanza kuwaeleza polepole.

"Mzee, kanisani mtu akisema nimekosa, mambo yanaisha. Kortini mtu akisema ni kweli, ndiyo yanaanza. Hakimu anaandika. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya vile mambo yalitokea. Mama akiyakubali nayo, amepatikana na hatia. Kinachobaki ni adhabu."

"Lakini si atahurumiwa?"

"Pengine. Anaweza kuonywa. Anaweza kutozwa faini, ama apewe kazi ya kutumikia jamii. Anaweza kufungwa pia, maana wizi una kifungo. Hakuna mtu anaweza kukuahidi. Na akiona ameonewa, akikata rufaa hawezi tena kusema hakuiba. Alikubali mwenyewe. Atalalamika juu ya adhabu peke yake."

Maranga aliweka kikombe chini.

"Na kama mtu ameshasema ni kweli, kwa sababu ya woga?"

"Kabla hajapewa adhabu, anaweza kumwambia hakimu anataka kubadilisha. Lakini tufike huko kwa nini?"

Bosibori alikuwa amefuta macho. Sasa aliuliza yeye mwenyewe, na ndilo swali lililokuwa limemnyima usingizi. "Nikikataa, hakimu si ataona nina kiburi?"

"Hapana, mama. Kukana mashtaka si kiburi. Ni kumwambia aliyekushtaki, haya, thibitisha. Sheria inakuhesabu huna hatia mpaka ithibitishwe. Na si kazi yako kutafuta mwizi ni nani."

"Na kile Kiswahili cha kortini? Mimi najua cha sokoni."

"Omba mkalimani. Utasomewa kwa lugha yako, Ekegusii. Hulipi kitu."

"Wakili je?" Maranga aliuliza.

"Ukimpata ni vizuri sana. Kama huwezi, unaomba msaada wa kisheria. Serikali iko na ofisi ya kazi hiyo, na kuna mashirika. Kwa kesi kama hii wakili wa bure haji mwenyewe, lazima muombe, na pengine mkose. Hata hivyo Mama anaweza kuwauliza mashahidi maswali, na kuleta shahidi wake."

Maranga alifikiri kidogo. Tabia ni ngumu kuacha. "Na tukienda kwa Lynnet tumbembeleze aiondoe?"

Jerusha akacheka. "Mzee, wewe na msamaha wako. Sikiza. Kesi ikifika kortini, Lynnet haamui peke yake. Akitaka kuiondoa atasema mbele ya hakimu, na korti itakubali ama ikatae. Na kumsumbua shahidi ni kosa lingine. Kaeni mbali naye kwa sasa." Kisha akamgeukia Bosibori. "Nieleze kitu kimoja. Nani anashona magunia yenu?"

"Emmah. Yuko Mfangano."

"Mmempigia?"

Mume na mke walitazamana. Walikuwa wameomba siku mbili, na hakuna aliyefikiria kumuuliza aliyeshika sindano. Wakapiga saa ile ile. Simu ya Emmah ilikuwa imezimwa.

Jumatatu walifika mahakamani mapema. Bosibori alivaa gauni lake la Sabato. Jina lake liliposomwa, akapanda kizimbani, akaomba kusomewa kwa Ekegusii kama alivyofunzwa. Karani akamsomea kwamba ameshtakiwa kwa kuiba gunia moja la omena, mali ya Lynnet.

"Ni kweli au si kweli?"

Bosibori akageuka kumtafuta mumewe kwenye viti vya nyuma. Miaka yote aliyoolewa naye, mambo mazito alikuwa amezoea kumwachia yeye aseme. Maranga aliona macho yale yakimuuliza. Akasimama pale kwenye viti, ingawa hakuna aliyemwambia asimame, na askari akamwashiria akae.

Akakaa. Lakini mkewe alikuwa ameona alichotaka kuona.

"Si kweli," Bosibori alisema.

Hakimu hakukasirika. Aliandika tu, kama anavyoandika siku zote. Akaamuru Bosibori apewe nakala za maelezo ya mashahidi ili ajitayarishe, akamwongezea bondi, akapanga tarehe ya kusikiza kesi baada ya miezi miwili. Nje, Jerusha alimkumbusha jambo moja. "Tarehe hiyo usikose. Hata kama unaumwa, tuma habari. Ukikosa, hakimu anatoa amri ukamatwe."

Simu ya Emmah iliendelea kuwa kimya. Maranga akafunga kibanda chake cha viatu, akasema atamfuata.

Sasa, Maranga ni mtu wa milimani. Hajui kuogelea, na ziwa alikuwa akilitazama kutoka mbali, tena kwa heshima. Pale Mbita alivaa jaketi la kuokolea, akalifunga mara mbili, akakaa katikati ya boti na kufumba macho mpaka Mfangano. Mama mmoja aliyebeba kuku alimshikia mkono njia yote. Hakuona haya. Alikuwa akienda kwa ajili ya mkewe.

Alimkuta Emmah ufukweni akianika omena. Simu ilikuwa imeingia maji, ndiyo maana. Maranga akamweleza habari ya uzi wa kijani.

Emmah aliacha kazi. "Uuwi, ni mimi," alisema. "Siku hiyo mvua ilikuwa inakuja. Uzi mweusi wa Bosibori ulikuwa umeisha. Kijani kilikuwa kwa sindano, nikashona nacho gunia lake la mwisho. Nilisema nitampigia, nikasahau."

"Utakuja kusema hivyo kortini?"

"Si nitafungwa mimi?"

Maranga, ambaye mwezi huo tu alikuwa hajui lolote, alijikuta akieleza kama Jerusha. "Shahidi si mshtakiwa, dada. Utaapa, utasema kile ulichoona na kufanya. Usichojua, sema hujui. Basi."

Siku ya kesi, Lynnet alitoa ushahidi wake kwanza. Hakuwa mwongo. Alisema gunia lake limepotea, na uzi wa kijani ni wake, na yote mawili yalikuwa kweli. Kisha hakimu akamuuliza Bosibori kama ana swali.

Bosibori alishika ukingo wa kizimba. "Lynnet, uliliona gunia hilo likishonwa?"

"Hapana."

"Kuna alama nyingine yako, mbali na uzi?"

Lynnet alifikiri. "Hapana. Ni uzi tu."

Bosibori akashukuru. Zamu ya upande wake ilipofika, Emmah akasimama akaeleza habari ya mvua na sindano. Mwendesha mashtaka alimuuliza maswali magumu, naye akajibu yale anayojua.

Hukumu ilisomwa wiki tatu baadaye. Hakimu alisema uzi peke yake hautoshi, na shahidi ameeleza ulivyofika pale. Mashtaka hayakuthibitishwa. Bosibori yuko huru.

Kwenye veranda ya mahakama Lynnet alimjia, macho chini. "Dada, sasa gunia langu liko wapi?"

"Sijui, Lynnet. Kweli sijui. Kesho twende pamoja tuwaulize watu wa lori."

Lynnet aliitikia kwa kichwa, akaondoka.

Mambo yamebadilika kidogo pale kanisani. Watu wakigombana bado humwita Maranga, lakini sasa huketi, husikiza upande huu na ule, na humwangalia mtu machoni na kumuuliza kama alifanya. Mambo huchukua muda mrefu, na wengine hunung'unika kwamba njaa inawauma. Lakini hakuna anayeondoka pale amebeba kosa lisilo lake.

Nimesahau kusema kilichotokea siku ile ya hukumu, walipokuwa wakitembea kurudi nyumbani. Walipofika karibu na ploti, Maranga alisimama.

"Mama Nyamusi," alisema. "Nimekosa. Nisamehe."

Bosibori hakumrahisishia. "Umekosa nini?"

Mambo ya kusema nimekosa Maranga aliyajua kuliko mtu yeyote Migori, lakini hakuwahi kuulizwa hilo.

"Nilikuita mwizi mbele ya polisi. Na sikuwa nimekuuliza."

"Hiyo ni kweli," Bosibori alisema. Machozi yalimjaa, na alikuwa akitabasamu. "Nimekusamehe, Baba Nyamusi. Twende, nimeshikwa na njaa."