Rupia Tatu kwa Mchele wa Vyungu Vitano

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Nje bado kulikuwa giza. Tusekile alikuwa amepiga magoti nyumbani kwake Ikombe, anakwangua ndani ya chungu cha akiba kwa kata ya kibuyu. Alikwangua polepole ili mtoto asiamke. Mchele uliotoka haukujaza hata kiganja.

"Mama, ni panya?" Angetile aliuliza kutoka mkekani. Alikuwa na miaka sita.

"Ndiyo, mwanangu. Lala."

Hakukuwa na panya. Panya walikwisha kuihama nyumba ile, maana panya naye anataka kula.

Mwaka uliopita mambo hayakuwa hivi. Tusekile ni Mkisi, na wanawake wa Kikisi ni wafinyanzi. Kila wiki alipakia vyungu mtumbwini akaenda soko la Mwaya. Bei ya chungu haikuwa na maneno mengi. Mnunuzi alikijaza mchele mpaka mdomoni. Mchele ukawa wa mfinyanzi, chungu kikawa cha mnunuzi. Kikubwa kilileta mwingi, kidogo kilileta kidogo. Bibi yake aliuza hivyo, na mama yake pia.

Mumewe, Raphaeli, alikuwa mpagazi hapohapo Mwaya. Alishusha mizigo ya Wajerumani kutoka melini, akaipeleka ghalani. Alilala huko, akarudi nyumbani Jumapili. Mshahara wake ulikuwa rupia mbili kwa mwezi.

Jumapili moja alirudi anaimba tangu ufukweni.

"Mama Angetile! Tumetangaziwa! Kuanzia mwezi huu hakuna mpagazi atakayelipwa chini ya rupia tatu!"

"Tatu?"

"Tatu! Hata Yakobo, ambaye gunia humbeba yeye, tatu!"

Walicheka mpaka wakatokwa machozi. Na hapo ndipo Tusekile alipokosea. Alijiona mke wa mtu wa mshahara. Wiki ile sokoni alikuja Anyosisye, mjane wa kijiji cha Ipyana mwenye mashamba ya mpunga. Watu humwita Mama Hezroni. Alitaka kujaza chungu kama siku zote. Tusekile akakifunika mdomo kwa mkono.

"Samahani, mama. Siku hizi nauza kwa hela. Hela ishirini."

"Kwani mchele wangu umeoza?"

"Haujaoza. Ila hela ni nyepesi kubeba."

Mama Hezroni alimtazama. Akafungua pindo la nguo, akatoa sarafu ishirini za hela. "Haya," alisema. "Kweli ni nyepesi."

Siku zile hela ishirini zilinunua mchele wa kujaza chungu kilekile. Basi Tusekile hakuona hasara. Alizitia hela zake kibuyuni, akazisikia zikilia, akafurahi.

Kisha vita vya Wajerumani na Waingereza vikaanza mpakani, kwenye Mto Songwe. Askari wakaja Mwaya kwa mamia. Mchele ukawa unanunuliwa kwa magunia kabla haujafika sokoni. Chungu cha mchele kikawa hela thelathini. Kikawa arobaini. Kikawa sitini. Hela za kibuyuni zilibaki zilezile, ila kila wiki zilinunua kidogo zaidi. Sasa kibuyu kilikuwa kitupu, na chungu cha akiba pia.

Asubuhi ile Tusekile alipakia vyungu sita mtumbwini, akampakia na Angetile. Alikuwa na neno moyoni ambalo hakumwambia mtoto. Akirudi bila chakula, atampeleka Angetile Ngana, kwa shangazi yake aliyetaka msichana wa kumlelea watoto. Kwa shangazi kulikuwa na ndizi. Lakini Ngana iko jirani na Songwe, na Songwe kulikuwa na bunduki. Njia nzima alipiga kasia bila kumtazama mtoto usoni.

Sokoni Mama Hezroni alimwona kwa mbali.

"Mke wa mshahara huyo!" aliita. "Mmelalaje na rupia zenu?"

Wanawake wakacheka. Tusekile alitua vyungu vyake, akamvuta Angetile karibu. Mama Hezroni akaona mashavu ya mtoto, akaacha kucheka.

"Kaa hapa, mwanangu. Sikujua. Mbona mmekuwa hivi, na mumeo analipwa tatu?"

"Hata mimi sielewi, mama. Mshahara umepanda, na sisi tumekonda."

"Basi tuhesabu. Mimi misheni walinifundisha kusoma kidogo tu, lakini kuhesabu nilikuja nako. Rupia moja ni hela ngapi?"

"Mia."

"Zamani mumeo alileta rupia mbili. Ni hela mia mbili. Chungu cha mchele kilikuwa ishirini. Alikuwa analeta vyungu vingapi?"

Tusekile alihesabu kwa vidole. Vidole vyote vikaisha. "Kumi."

"Sasa analeta mia tatu, na chungu ni sitini. Vingapi?"

Mara hii ulitosha mkono mmoja. Tusekile aliutazama. "Vitano," alisema.

"Umeona? Wamemwongeza rupia moja, na bado amepoteza vyungu vitano."

Tusekile alikunja vidole vyake. "Msimamizi wa ghala anawaambia wapagazi kuwa bei imepanda kwa sababu yao. Eti waliongezwa mshahara, na wauza mchele wakaingiwa na tamaa."

"Tamaa ipo, sikatai. Mimi mwenyewe niliposikia rupia tatu niliongeza hela tano. Mungu anisamehe. Lakini wapagazi ni arobaini tu. Askari ni mamia, na kila mmoja ana tumbo. Mchele ni wa mashamba yaleyale. Walaji wakizidi, bei hupanda; ingepanda hata kama wapagazi wasingeongezwa kitu."

"Basi waombe rupia nne?"

"Wakipewa nne, na mchele ukafika themanini, wataomba ya tano lini? Rupia haijui bei ya kesho. Mshahara upimeni kwa chungu. Mwambie mumeo waombe sehemu yake kwa mchele wenyewe, vyungu kadhaa kila wiki. Bei ipande, ishuke, chungu ni chungu. Si ndivyo mlivyokuwa mkiuza nyinyi Wakisi, kabla hujanifunikia chungu kwa mkono?"

Tusekile aliinamisha kichwa. "Ndivyo, mama. Na leo utanijazia?"

"Nusu."

"Nusu! Mama, na mtoto huyu!"

"Mchele sasa ni ghali, na chungu ni udongo."

"Udongo nimeuchimba, nimeukanda na kuuchoma. Wewe mpunga wako uliunyeshea mvua?"

Mama Hezroni akacheka, safari hii kwa furaha. "Haya, mpaka shingoni. Mdomoni sifiki."

Alichukua vyungu viwili tu, akajaza kila kimoja mpaka shingoni. "Ndaga, mama," Tusekile alimshukuru. Ulikuwa mchele wa kuvuka wiki, si zaidi. Safari ya Ngana aliisogeza mbele kwa wiki moja.

Jioni alimpata Raphaeli ghalani, akamhesabia kama alivyohesabiwa. Raphaeli alihesabu tena kwa vidole vyake mwenyewe, akatema mate chini.

"Na mimi niliimba," alisema.

Siku ya mshahara wapagazi arobaini walisimama mbele ya meza ya msimamizi. Raphaeli aliweka chungu cha mkewe mezani.

"Bwana, hatuombi rupia ya nne. Tunaomba kila mtu ajaziwe chungu hiki mara mbili kwa wiki."

"Mshahara umekwisha pandishwa," msimamizi alisema. "Hamna shukrani?"

"Shukrani tunayo, bwana. Nguvu ndiyo hatuna."

Msimamizi alikisukuma chungu, kikaanguka, kikavunjika. Wapagazi hawakugusa mzigo siku ile. Siku ya pili pia hawakugusa. Siku ya tatu askari walimchukua Raphaeli, kwa kuwa ndiye aliyesema. Walimlaza kifudifudi mbele ya wenzake, wakampiga kiboko matakoni. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Yakobo, yule waliyemcheka kwa uvivu, ndiye aliyehesabu kwa sauti, kwa amri. Alifika kumi na saba akalia, akalazimishwa kuendelea.

Siku ya nne meli ilitia nanga na mvua ikanyesha. Magunia ya unga wa askari, yaliyoshushwa na mabaharia, yakawa yanalowa ufukweni, na wapagazi wameketi wanayatazama. Adhuhuri msimamizi alikubali. Vyungu viwili kila wiki kwa kila mpagazi. Lakini alikata rupia moja, akawarudisha kwenye mbili.

Msomaji, hesabu nawe. Vyungu viwili kila wiki ni vinane kwa mwezi. Rupia mbili, chungu kikiwa hela sitini, zinanunua vitatu na kubaki hela ishirini. Jumla ni vyungu kumi na kimoja. Kwenye zile tatu za kutangaziwa walikuwa wanapata vitano. Tena mwezi uliofuata mchele ulifika hela sabini, na vile vinane havikupungua hata punje.

Jumapili ya kwanza baada ya mapatano yale Raphaeli alirudi amelala mtumbwini, Yakobo akipiga kasia. Tusekile alipika wali na usipa, wale samaki wadogo wa ziwani. Sasa alimtazama Angetile usoni. Neno la Ngana lilikuwa limekwisha.

Alitandika mkeka, akapakua. Yakobo aliketi, akaanza kusifu wali kwa sauti kubwa mno.

"Tumewashinda, shemeji! Msimamizi mwenyewe anatupimia mchele! Watu wa ghala jingine wamesikia, nao wanataka chungu!"

Tusekile alimpa Raphaeli sahani yake palepale alipokuwa ameegemea mlango. Raphaeli aliipokea kwa mikono miwili, akala tonge moja, akafumba macho, akala jingine.

Angetile aliacha kutafuna. Alimtazama baba yake, kisha akautazama mkeka, mahali pake palipokuwa wazi.

"Baba anakula amesimama."