Kidonda cha Bibi na Darasa la Simuni

Mama Pacha alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, aliwafulia watu nguo. Ya pili, alimuuguza mama mkwe wake. Ile ya kwanza ilimchosha mikono. Hii ya pili ilimchosha roho.

Mama mkwe huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alipigwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulipooza. Mdomo ulikwenda upande. Maneno yakamwisha kabisa. Hospitali walimpa dawa, kisha wakasema, "Mrudisheni nyumbani, mkamtunze." Mkamtunze vipi? Hakuna aliyewaeleza. Jamani, mtu anakabidhiwa mgonjwa kama anayekabidhiwa gunia!

Mume wa Mama Pacha alikuwa fundi wa kuziba pancha. Watu walimwita Fundi tu. Alimpenda mama yake kupita kiasi. Alipoona mama amelala chali kutwa kucha, mifupa imekandamiza godoro, alifikiri kwa akili ya kazi yake. Alichukua mpira wa ndani wa tairi la gari, mzuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Akauosha kwa sabuni. Akaujaza hewa, akauviringishia shuka. Akamkalisha mama yake juu ya mpira huo, makalio katikati ya lile tundu, ili pasiguswe na kitu.

Majirani waliokuja kumjulia hali Bibi walisifu sana. "Mtoto ndiye huyu!" walisema.

Bibi alilia. Machozi yalimtiririka shavuni.

"Analia kwa furaha," Fundi alisema.

Baadaye chumba kikaanza kunuka. Mama Pacha alidhani ni mkojo. Akafua shuka, harufu ikabaki. Siku moja alimgeuza Bibi na kuangalia vizuri. Juu kidogo ya makalio, pale uti wa mgongo unapoishia, palikuwa na shimo. Kingo zake zilikuwa nyeusi. Mama Pacha alishika mdomo kwa mikono yote miwili.

Alikwenda mbio kituo cha afya. Alirudi na muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Siku hiyo ule mpira haukuwa kitandani. Fundi alikuwa ameupeleka kazini kuuongezea hewa. Mama Pacha hakuutaja. Angeutaja wa nini? Kwake yeye mpira ulikuwa dawa, haukuwa ugonjwa.

Muuguzi alisafisha kidonda. Alipomaliza alimvuta Mama Pacha nje.

"Mama Pacha, sitakuficha. Kidonda hiki kikifika kwenye mfupa, sumu itaingia kwenye damu. Hapo tutampoteza. Nimeshazika wagonjwa wangu kwa vidonda kama hiki."

"Sista, mimi nimefanya nini kibaya? Nampa uji, namwogesha, dawa anakunywa!"

"Hujafundishwa. Kesho mpelekeni hospitali wakakate nyama iliyokufa. Lakini hospitali watamrudisha kwako, na mimi ni mmoja, nyumba za wagonjwa ni nyingi. Wewe ndiye unayekaa naye. Ni lazima ujue kazi hii." Muuguzi alitoa simu yake. "Kuna darasa humu. Ni la watu wanaouguza wagonjwa nyumbani. Ni bure."

Mama Pacha alicheka kwa uchungu. "Darasa? Mimi niliishia la nne. Kusoma kwenyewe natambaa."

"Somo linasomwa kwa sauti, na kuna picha. Usipoelewa, rudia. Rudia mpaka uchoke, hakuna wa kukucheka."

"Na bando nitatoa wapi?"

"Njoo na simu yako kituoni. Utapakua masomo kwa intaneti ya pale. Ukifika nyumbani unasikiliza bila bando."

Mama Pacha bado alikuwa na wasiwasi. "Lakini Sista, si ndiyo hizi video za watu wanaouza chupa ya kuponya kila kitu?"

"Umeuliza la maana. Mtu akikuahidi maajabu halafu akakuuzia chupa, mkimbie. Hapa tazama: walimu wamejitambulisha, ni wakufunzi wa wauguzi. Hakuna anachouza mtu. Kila somo lina maswali mwishoni. Na ukikwama, kuna mwalimu wa kumuuliza."

Hospitali waliikata ile nyama iliyokufa. Bibi alirudi nyumbani mwepesi kama nguo kavu, na Fundi akamwekea tena ule mpira. Mama Pacha akapiga moyo konde, akaanza darasa. Alisikiliza huku anafua, simu ameiweka juu ya ndoo iliyofunikwa.

Somo la kwanza lilimfundisha kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili. Ubavu huu, kisha ubavu ule. Asilazwe juu ya kidonda. La pili lilimfundisha kumnyanyua kwa shuka, watu wawili. Asiburutwe, maana kuburuta kunachuna ngozi.

Somo la tatu liliitwa "Kuzungumza na mgonjwa asiyeweza kusema."

"Makubwa!" Mama Pacha alisema. "Asiyesema nizungumze naye nini?"

Akabonyeza somo la nne. Halikufunguka. Ilikuwa lazima amalize la tatu kwanza. Akasonya. Akaliacha somo liseme lenyewe huku yeye anaanika nguo. Maswali yalipokuja alibahatisha tu. Akikosa, anabonyeza jibu jingine. Hatimaye la nne likafunguka.

Somo la nne lilihusu vitu vya kumlalishia mgonjwa. Picha ya kwanza ilionyesha mto kati ya magoti. Ya pili, mto chini ya miguu, visigino vinaning'inia. Picha ya tatu ilikuwa mpira wa tairi umepigwa mstari mwekundu.

Mama Pacha alidhani macho yanamdanganya. Akarudia. Sauti ikasema tena: "Usimweke mgonjwa juu ya mpira wenye tundu."

Fundi aliporudi kutoka kazini, Mama Pacha alimwambia. Alimwambia taratibu, maana alimjua mumewe.

Fundi aliwaka. "Yaani simu ndiyo inifundishe kumlea mama yangu? Mpira huu nimeuosha kwa mikono yangu!"

"Baba Pacha, sijasema humpendi."

"Basi hilo darasa ni la kipuuzi. Lifute!"

Mama Pacha hakulifuta. Alinunua bando kidogo, akamtumia mwalimu ujumbe wa sauti. Alimweleza yote, hata jinsi Bibi anavyolia. Kesho yake jibu likaja, pia kwa sauti. Mama Pacha alimwita mumewe, wakasikiliza pamoja, Fundi kakunja uso.

"Dada, pole sana," mwalimu alisema. "Huo mpira unabana nyama pande zote za tundu. Damu inashindwa kufika katikati. Nyama isiyopata damu inakufa. Watu wengi wenye mapenzi mema hukosea hapo. Lakini nawauliza, mmemuuliza mgonjwa mwenyewe? Rudieni somo la tatu."

Mama Pacha aliona aibu hadi masikioni. Wakakaa ukingoni mwa kitanda, wakalirudia lile somo alilolipuuza. Mwalimu alieleza kwamba mtu aliyepotewa na maneno mara nyingi bado anaelewa. Mshike mkono wenye nguvu. Kuminya mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Anza na maswali ambayo majibu yake unayajua.

Fundi alishika mkono wa kushoto wa mama yake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, mimi ni mwanao?"

Mkono ukaminya mara moja. Fundi akashtuka kama aliyepigwa na umeme. Miezi yote hiyo walikuwa wakizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo.

"Mama, mimi ni mrefu?"

Fundi alikuwa mfupi, mtaa mzima ulimtania. Mkono ukaminya mara mbili, haraka haraka. Mama Pacha alipasuka kicheko. Hata Bibi mdomo wake ulicheza upande mmoja.

Kisha Fundi akamsogelea. "Mama, huu mpira unakuumiza?"

Bibi aliminya mara moja. Aliminya kwa nguvu, kucha zikaingia kwenye ngozi ya mwanawe.

"Umeanza juzi?"

Mara mbili.

"Tangu siku ya kwanza?"

Mara moja.

Fundi alimnyanyua mama yake kwa shuka, mkewe akishika upande wa pili, wakauvuta ule mpira. Akatoka nao nje. Mama Pacha alimsikia akilia nyuma ya nyumba, kilio cha mtu mzima, kile kibaya. Alitaka kumfuata, lakini saa ya kumgeuza Bibi ilikuwa imefika.

Tangu siku hiyo waligawana zamu. Fundi aliacha kazi mara kwa mara akaja kusaidia kugeuza. Mama Pacha alimaliza masomo yote, na safari hii hakubahatisha hata swali moja. Alijifunza kuangalia ngozi kila siku. Akiona pekundu, anabonyeza kwa kidole. Wekundu usipofifia, hapasuguliwi, wala hapalaliwi tena. Alijifunza kumpa mayai na maharage yaliyopondwa, kwa sababu kidonda hakifungi kwa uji mtupu. Muuguzi alikuja kila wiki kubadilisha dawa. Kidonda kilipona polepole mno. Kuna wakati homa ilipanda, wakarudi hospitali roho mkononi. Kuna wakati wote walidhani ndiyo basi.

Hatimaye muuguzi alifungua bandeji, akatazama kwa muda mrefu. Shimo lilikuwa limejaa. Ngozi mpya, nyororo, ilikuwa imeziba juu. Chumba kilinuka sabuni.

"Hatatembea tena," muuguzi alisema. "Lakini kidonda hiki hakitamuua. Umefanya kazi ya muuguzi, Mama Pacha. Kuna nyumba mbili mtaa wa pili wamelaza wagonjwa. Utakwenda ukawaonyeshe hilo darasa?"

"Nitakwenda leo hii," alisema Mama Pacha.

Alipokuwa akijifunga kanga aende, alimwona Fundi ameketi karibu na mama yake. Siku zote hizo Fundi alimuuliza mama maswali mengi. Uji una moto? Tukutoe juani? Nizime redio? Swali moja alikuwa akilikwepa, na mkewe alilijua.

Leo aliushika ule mkono. "Mama, una hasira na mimi?"

Bibi alimtazama. Akaminya mara moja.

Fundi aliinamisha kichwa. "Una haki," alisema. "Una haki, mama."

Nje watu walipita wakizungumza mambo yao. Kisha Fundi alijifuta uso kwa kiganja, akatazama saa ya simu.

"Mama, nikugeuze?"

Bibi akaminya mara moja. Fundi akamwita mkewe. Wakashika shuka kila mmoja upande wake, wakamnyanyua.